Pointi 2,000 na Mkono wa Kushoto

Jumanne ya tarehe 2 Julai 2024, Markéta Vondroušová aliingia Uwanja wa Kati wa mashindano ya tenisi ya Wimbledon, London, akiwa bingwa mtetezi. Ni desturi ya pale: Jumanne ya wiki ya kwanza, bingwa wa wanawake wa mwaka uliopita hupewa heshima ya kufungua mechi za uwanja huo. Upande wa pili wa wavu alisimama Jessica Bouzas Maneiro wa Hispania, namba 83 kwa ubora duniani, ambaye hadi siku hiyo hakuwa ameshinda hata mechi moja kwenye droo kuu ya Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya tenisi.

Ikaisha 6-4, 6-2 kwa Bouzas Maneiro.

Mara ya mwisho bingwa mtetezi wa wanawake kutolewa raundi ya kwanza pale ilikuwa 1994, na aliyetolewa alikuwa Steffi Graf. Kwa hiyo habari ilikuwa kubwa, na wengi waliisimulia kana kwamba imethibitisha walichokishuku siku zote: kwamba ubingwa wa 2023 ulikuwa wa kubahatisha.

Mimi matokeo hayakunishangaza sana. Kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni hesabu iliyofuata. Mwaka 2023 Wimbledon ilimpa Vondroušová pointi 2,000 za orodha ya ubora. Mwaka 2024 ikampa 10. Mashindano yalipokwisha, zile 2,000 ziliondoka na 10 zikakaa mahali pake, na mwanamke aliyeingia akiwa namba 6 duniani akajikuta nje ya kumi bora. Nilipoanza kuifuatilia hesabu hiyo kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, niligundua kwamba imeamua karibu kila jambo katika maisha yake: lini apasuliwe, lini arudi, nani asafiri naye na nani abaki nyumbani.

## Wiki 52

Kila pointi katika tenisi ya kulipwa ina maisha ya wiki 52. Baada ya hapo inafutika, hata ungekuwa umeipata kwa kumtoa namba moja wa dunia.

Kwenye Grand Slam upande wa wanawake, bingwa hupata 2,000, mshindi wa pili 1,300, nusu fainali 780, robo fainali 430, raundi ya nne 240, ya tatu 130, ya pili 70, na anayetolewa raundi ya kwanza 10. Tazama mteremko huo vizuri. Kutoka robo fainali hadi kombe ni mechi tatu tu, lakini thamani inapanda karibu mara tano. Ndiyo maana mchezaji anayeshinda Grand Slam moja kubwa bila kufanya makubwa kwingineko hubeba orodha yake yote kwenye nguzo moja. Nguzo hiyo ikiondolewa, nyumba inashuka kwa siku moja.

Tangu 2024 wanawake huhesabiwa matokeo yao bora 18 ya wiki hizo 52. Mwenye matokeo 18 mazuri hupoteza moja na bado ana 17. Mwenye matokeo mawili makubwa na mengine madogo hana pa kujificha.

Na nafasi kwenye orodha si sifa tu. Ni kibali cha kufanya kazi. Droo ya Grand Slam ina wachezaji 128: 104 huingia moja kwa moja kwa nafasi yao, 16 hutoka kwenye mchujo wa raundi tatu, na 8 hupewa kadi za mwaliko. Tena orodha inayotumika kuwachagua wale 104 ni ya wiki kadhaa kabla ya mashindano. Unaweza kuwa unacheza vizuri kuliko maisha yako yote mwezi Juni na bado ukaenda kwenye mchujo, kwa sababu mwezi Mei ulikuwa bado unaponya mkono.

Fedha nazo zinafuata mstari huohuo. Wimbledon ya 2023, aliyepoteza raundi ya kwanza ya droo kuu alipata pauni 55,000. Aliyepoteza raundi ya kwanza ya mchujo alipata 12,750. Chini kabisa, kwenye mashindano ya ITF (Shirikisho la Kimataifa la Tenisi) yenye zawadi ya jumla ya dola 15,000, bingwa mwenyewe huondoka na dola 2,000 na kidogo, baada ya wiki nzima ya kucheza, na tiketi ya ndege na hoteli amejilipia. Mkono ukiumia, malipo ya zawadi yanasimama siku hiyohiyo. Ada ya kocha, ya mtaalamu wa fiziotherapia na ya daktari hazisimami. Mikataba mingi ya udhamini nayo ina vifungu vinavyopunguza malipo mchezaji akishuka chini ya nafasi fulani au akikosa mashindano kadhaa.

## Kabla ya maumivu

Vondroušová alizaliwa Sokolov, magharibi mwa Jamhuri ya Cheki, tarehe 28 Juni 1999. Ni wa mkono wa kushoto, na huo ndio mkono utakaosumbua simulizi hii yote.

Taji lake la kwanza la WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, lilikuwa Biel, Uswisi, mwaka 2017. Alikuwa na miaka 17 na alitokea kwenye mchujo. Miaka miwili baadaye, Paris, alifika fainali ya Roland Garros akiwa na miaka 19 bila kupoteza seti hata moja njiani. Ashleigh Barty akamfunga 6-1, 6-3.

Uchezaji wake haufanani na wa wengi wa rika lake, ambao hupiga mpira kwa nguvu kutoka mstari wa nyuma hadi mmoja achoke. Yeye hubadilisha mwendo. Anakata mpira ukateleza chini, anaudondosha nyuma tu ya wavu, anausukuma juu na ndani kabisa, kisha ghafla anaupiga bapa. Mpinzani hapati mipira miwili inayofanana. Kwa kuwa ni wa kushoto, anapoanzisha mpira kutoka upande wa kushoto wa uwanja huutoa nje kabisa kwenye bekihendi (mpigo wa mkono uliogeuzwa) ya mchezaji wa kulia, na uwanja wote unabaki wazi.

Mchezo wa namna hiyo unategemea kifundo cha mkono kuliko misuli ya bega. Kudondosha mpira ni kulegeza mkono nukta moja kabla ya kugusa. Kukata ni kukaza na kuelekeza uso wa raketi kwa pembe ndogo sana. Kifundo kikikosa uhakika, silaha zote zinapotea kwa pamoja.

Baada ya Wimbledon ya 2019 hakucheza tena mwaka huo. Kifundo cha kushoto kilipasuliwa.

## Namna mkono unavyorudi

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu husema "alipasuliwa, akarudi" kana kwamba ni safari ya basi.

Raketi ya kulipwa ina uzito wa gramu 300 hivi kabla ya kufungwa nyuzi, na wengi huongeza vipande vya madini ya risasi kwenye fremu. Mpira una gramu kati ya 56 na 59.4. Hivyo viwili vinagongana mamia ya mara kwa siku moja ya mazoezi, na kila mgongano unapita kwenye kano nyembamba za kifundo. Fohendi (mpigo wa kiganja kikitazama mbele) ya kisasa, ile ya kufagia mpira kutoka chini kwenda juu ili uzunguke sana, inataka kifundo kikunjwe nyuma kisha kifyatuke kwa kasi. Ongeza nyuzi za poliesta, ambazo ni ngumu na hazinyonyi mtikisiko. Ongeza mipira inayobadilika aina kutoka mashindano hadi mashindano. Wimbledon wana Slazenger, Australia wana Dunlop, na wachezaji wamelalamika hadharani kwamba kubadilishabadilisha mipira kunaumiza mikono, kwa sababu mmoja ni mwepesi na mwingine huvimba manyoya na kuwa mzito baada ya gemu chache.

Baada ya upasuaji, mkono hufungwa ili usicheze. Unapofunguliwa, jambo la kwanza linalomshtua mchezaji ni ukubwa wa mkono wenyewe: misuli ya chini ya kiwiko imepungua waziwazi. Kifundo kimekakamaa. Kazi ya mwanzo haina raketi kabisa. Ni kukunja mbele na nyuma, kulaza upande huu na ule, kugeuza kiganja juu na chini, polepole, mara nyingi kwa siku.

Kisha nguvu bila mwendo: kubana mpira laini na kushikilia, kusukuma ukuta bila kifundo kusogea. Halafu uzito mdogo wa nusu kilo au kilo moja, na mkanda wa mpira. Ndipo raketi inashikwa, na hapo bado hakuna mpira. Anapiga hewa.

Mpira unaofuata si ule wa kawaida. Ni ule mwekundu wa watoto, ambao ni polepole kwa takriban asilimia 75. Kisha wa rangi ya chungwa, asilimia 50. Kisha wenye doa la kijani, asilimia 25. Mchezaji aliyecheza fainali ya Paris anasimama kwenye mstari wa boksi la kuanzishia, karibu na wavu, akigonga mipira ya watoto wa miaka 8, huku mtu akihesabu mipigo ili asizidishe. Kwa mchezaji wa kushoto anayepiga bekihendi kwa mikono miwili, bekihendi mara nyingi hurudi kabla ya fohendi, kwa kuwa mkono wa kulia, ulio juu ya mpini, hubeba sehemu kubwa ya kazi. Fohendi inafuata. Kuanzisha mpira kunakuja mwisho kabisa.

Kipimo ni asubuhi ya kesho yake. Ukiamka na maumivu kuliko ya jana, unarudi hatua moja nyuma.

Yanayoharibika ni mengi, na karibu yote hutokana na haraka. Mchezaji anaona mashindano yanakaribia, anaruka hatua ya mpira wa kijani. Au anapona kweli, lakini mkono umejifunza woga: anaufupisha mpigo, anagusa mpira ukiwa umeshampita kiuno, na ule uchelewaji unafidiwa na kiwiko au bega. Au anarudi na nyuzi zilezile ngumu kwa mkazo uleule, badala ya kushusha kilo mbili au kuchanganya na nyuzi za utumbo, ambazo ni laini zaidi.

Kuna waliofanya kila kitu sawa na bado mkono ukakataa. Dominic Thiem, bingwa wa US Open 2020, aliumia kifundo cha kulia Juni 2021, na fohendi yake haikurudi kuwa ile iliyompa kombe. Alistaafu Oktoba 2024 kwao Vienna akiwa na miaka 31. Juan Martín del Potro alipasuliwa kifundo cha kushoto mara tatu kati ya 2014 na 2015. Yeye ni wa kulia, kwa hiyo kilichokufa ni bekihendi ya mikono miwili. Akajifunza kukata kwa mkono mmoja, akapata medali ya fedha ya Olimpiki 2016 na kucheza fainali ya US Open 2018. Ninamheshimu sana kwa hilo. Si kila mtu ana fohendi ya kuficha nusu nzima ya uwanja.

## Nafasi iliyogandishwa

Tenisi ina dawa moja kwa tatizo hili, na ni dawa yenye uchungu wake.

Inaitwa nafasi ya ulinzi. Mchezaji akikaa nje muda mrefu kwa majeraha, anaruhusiwa kutumia nafasi yake ya zamani kuomba kuingia kwenye mashindano. Kwa wanaume, sharti ni kukaa nje angalau miezi 6. Nafasi inayolindwa ni wastani wa miezi 3 ya kwanza ya kuumia, na inatumika kwenye mashindano 9 au kwa miezi 9, chochote kinachotangulia. Aliyekaa nje zaidi ya mwaka hupewa 12. Kanuni ya wanawake ina msingi huohuo.

Lakini inafungua mlango tu. Haikupi pointi hata moja. Unaingia droo kuu ukiwa na jina la jana, na kwa kuwa hulindwi kwenye upangaji wa wachezaji wakubwa, yaani walio bora wanaotenganishwa kwenye droo ili wasikutane mapema, unaweza kukutana na namba moja siku ya kwanza. Ukitumia nafasi tatu ukakutana na vigogo watatu, umebakiwa na sita na bado huna kitu.

Kwa hiyo kuna uamuzi mgumu ambao mtazamaji haoni: kila tiketi itumike wapi? Grand Slam zina fedha, lakini wapinzani ni wagumu. Mashindano madogo yana pointi zinazopatikana, lakini ni kupoteza tiketi mahali ambapo pengine ungeingia hata kwa mchujo.

Vondroušová alitumia yake kwa jambo lililozua maneno nyumbani. Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, iliruhusu wanawake wanne kwa kila nchi kwenye mchezo wa mmoja mmoja, na Jamhuri ya Cheki ina wachezaji wazuri kupita idadi hiyo. Karolína Muchová alikuwa juu yake kwenye orodha halisi. Vondroušová akaingia kwa nafasi ya ulinzi, Muchová akabaki.

Nimeligeuza jambo hili mara nyingi. Kanuni ilimruhusu, na aliumia kweli. Hata hivyo mwingine alikosa Olimpiki kwa sababu mwenzake aliumia miaka miwili nyuma. Sidhani kuna jibu linalowatendea haki wote wawili. Kinachojulikana ni kwamba aliyekwenda alimtoa Naomi Osaka, aliyewasha mwenge wa michezo hiyo nyumbani kwake Japani, akafika fainali na kurudi na medali ya fedha baada ya kufungwa na Belinda Bencic kwa seti tatu.

Pointi za medali hiyo: sifuri. Olimpiki haitoi pointi za ubora tangu 2016.

Upande wa uzazi umeendelea zaidi. Serena Williams aliporudi 2018 baada ya kujifungua, Roland Garros hawakumpanga miongoni mwa wakubwa. Wimbledon wakampanga wa 25 ingawa alikuwa namba 183. Kuanzia 2019 WTA iliwapa wanaojifungua miaka 3 ya kutumia nafasi yao kwenye mashindano 12, na wale ambao nafasi hiyo ingewatosha kupangwa ikawakinga wasikutane na wachezaji waliopangwa katika raundi ya kwanza. Mwaka 2025 ukaongezwa mfuko wa kuwalipa wakiwa likizo ya uzazi hadi miezi 12. Ilichukua muda mrefu mno, lakini ni hatua halisi.

## Mume, paka na ndege ya kwenda London

Mwaka 2022 kifundo kilipasuliwa tena. Wimbledon ya mwaka ule, Vondroušová alikuwa London mkono ukiwa umefungwa, akitembea kama mtalii na kumshangilia rafiki yake Miriam Kolodziejová kwenye mchujo. Mwezi Julai aliolewa.

Hiyo ndiyo Wimbledon isiyotoa pointi kwa yeyote, kutokana na uamuzi wa kuwazuia wachezaji wa Urusi na Belarusi. Elena Rybakina alishinda kombe akapata sifuri. Ons Jabeur aliyefungwa fainali akapata sifuri. Kwa aliyekuwa nje na mkono mbovu, mwaka ule angalau haukumwacha nyuma zaidi.

Alirudi vuli hiyo. Kufikia Wimbledon ya 2023 alikuwa namba 42: ndani ya wale 104, nje ya wale 32 waliopangwa. Mumewe hakusafiri naye. Alibaki Prague kumtunza paka wao, Frankie.

Hilo lilisimuliwa sana kama kichekesho cha kupendeza, na Vondroušová mwenyewe alilisema akicheka. Mimi naliona kama picha ya kweli ya namna nyumba za wachezaji zinavyopangwa. Mchezaji asiyejulikana atacheza siku mbili au kumi na nne hawezi kumwambia mwenzake akate tiketi ya fainali. Karibu kila wiki ya mwaka inaisha kwa kupoteza, kwa kuwa kwenye droo ya 128 ni mmoja tu asiyefungwa. Ukipoteza Jumatatu, Jumatano uko mji mwingine unafanya mazoezi. Mtu wa nyumbani anajifunza kupanga maisha yake bila kukutegemea, na usipoangalia, anajifunza vizuri kupita kiasi.

Alipovuka nusu fainali ndipo mtu wa kumwangalia paka akatafutwa, na mume akapanda ndege. Siku iliyofuata fainali ilikuwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa ndoa yao.

Kocha wake, Jan Hernych, alikuwa amekubali kuchora tatuu siku akishinda Grand Slam. Akaichora.

## Mechi ambayo wengi wetu tuliitazama kwa jicho moja

Julai 15, 2023, wasomaji wengi wa Kiswahili walikuwa upande wa Jabeur, na si ajabu. Mtunisia, Mwafrika wa kwanza wa kike kufika fainali ya Grand Slam katika zama za kulipwa, fainali yake ya pili mfululizo pale. Tuliona machozi yake, tukalia naye, na aliyebeba sahani ya ubingwa tukamsahau.

Turudi tuitazame tena. Mshindi hakuteremkiwa na kombe. Raundi ya nne alipoteza seti ya kwanza 2-6 kwa Marie Bouzková akageuza. Robo fainali, Jessica Pegula aliongoza 4-1 kwenye seti ya tatu. Kisha Vondroušová akachukua gemu tano mfululizo. Nusu fainali akamfunga Elina Svitolina 6-3, 6-3.

Kwenye fainali paa lilikuwa limefungwa tangu mwanzo. Jabeur aliongoza 4-2 seti ya kwanza na 3-1 seti ya pili. Mara zote mbili Vondroušová alifanya jambo moja: alirudisha mpira mmoja zaidi, ndani, bila haraka, kwa urefu usiopendeza kupiga. Jabeur anaishi kwa kubuni, na mpinzani huyu alikuwa mbunifu vilevile, tena wa kushoto, kwa hiyo hila zilikuwa zinamrudia kwa pembe asizozizoea. Akaanza kuilazimisha mipira ambayo haikuwa ya kulazimishwa. 6-4, 6-4. Kwa mara ya kwanza Wimbledon ikapata bingwa wa wanawake asiyepangwa.

Kusema alibahatisha ni kusahau kwamba miaka minne kabla alikuwa fainali Paris, na miwili kabla alikuwa kwenye jukwaa la medali Tokyo. Kati ya hapo palikuwa na visu viwili kwenye mkono mmoja.

## Bega

Sasa ile siku ya Julai 2024 inasomeka tofauti. Wiki chache kabla, Berlin, alikuwa ameteleza kwenye nyasi akaumia nyonga na kuacha mechi. Alifika London akiwa na mazoezi pungufu, mbele ya mpinzani asiye na cha kupoteza, huku akijua pointi 1,990 ziko mezani.

Kisha bega likapasuliwa. US Open ikapita bila yeye, na pointi 430 za robo fainali ya 2023 zikaenda. Alianza 2025, bega likamsumbua tena, akakaa nje miezi mingine. Anguko lote kutoka kumi bora hadi nafasi ya 164 lilichukua chini ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya muda huo hakuwa akifungwa na mtu. Hakuwa akicheza tu.

Hapa ndipo nafikiri mfumo unakosea. Sipingi pointi kufutika. Zisingefutika, orodha ingekuwa makumbusho. Lakini anayepoteza kwa kufungwa na anayepoteza akiwa kitandani baada ya upasuaji wanaandikwa kwa wino uleule, na nafasi ya ulinzi inamrudisha wa pili uwanjani bila kinga ya upangaji. Kama waliojifungua wanaweza kukingwa wasikutane na waliopangwa raundi ya kwanza, basi kila aliyepasuliwa anastahili angalau hilo kwenye mashindano yake mawili matatu ya mwanzo.

Juni 2025 alirudi Berlin, nyasi zilezile zilizomtelezesha. Namba 164. Alimtoa Madison Keys, bingwa wa Australian Open wa mwaka ule. Robo fainali alikutana na Jabeur, akamtoa. Nusu fainali alimfunga namba moja wa dunia, Aryna Sabalenka, 6-2, 6-4, kisha fainali Wang Xinyu kwa seti tatu. Lilikuwa taji lake la tatu tu maishani, baada ya Biel na Wimbledon. Mwezi uliofuata Jabeur alitangaza kupumzika, akisema hajisikii furaha tena uwanjani. Wawili waliocheza ile fainali, na ndani ya miaka miwili mmoja alikuwa ametoka kwenye upasuaji, mwingine amechoka.

Wimbledon ya 2025 Vondroušová aliishia raundi ya pili, kwa Emma Raducanu. New York akawatoa Jasmine Paolini na Rybakina, akafika robo fainali dhidi ya Sabalenka, na siku ya mechi goti likamkatalia. Akajitoa. Pointi za robo fainali alikuwa ameshazipata, kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu bega lipasuliwe, kalenda ya mwaka uliofuata ilikuwa na kitu cha kutetea: 500 mwezi Juni, na 430 mwanzoni mwa Septemba.